Gari la otomatiki linagonga gia: kabla ya kushusha giaboksi, jiulize linagonga lini

Gari la otomatiki likianza kugonga gia, hukumu hutoka haraka: giaboksi imekufa. Mwenye gari anaisema kwa unyonge, fundi anaitikia kwa kichwa, na kabla jua halijazama giaboksi iko chini. Nimewahi kushuhudia moja ikishushwa, ikafunguliwa yote, ikasafishwa na kurudishwa, na gari likatoka pale likigonga vilevile lilivyoingia. Kilichokuwa kimekatika ni raba ya mauntini ya nyuma (mauntini ni vishikizo vya raba vinavyobeba injini na giaboksi), kitu unachokiona kwa tochi ukilala chini dakika mbili.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza si "kimeharibika nini?" Ni "linagonga lini?" Asubuhi injini ikiwa baridi, au likishapata moto? Gia ya kwanza kwenda ya pili tu, au zote? Ukikanyaga mafuta kidogo au ukiyakandamiza? Likipanda gia au likishuka? Hutahitaji kifaa chochote kujibu hayo, ila safari ya nusu saa na mtu wa kukaa pembeni aandike. Mtu wa pembeni ni muhimu kwa sababu dereva wa gari hilo ameshazoea nusu ya makosa yake na hayasikii tena.

Tenganisha pia majina ya ugonjwa. Kugonga ni gia kuingia kwa kishindo, kama mtu amekupiga teke mgongoni. Kuteleza ni raundi kupanda huku gari haliongezi mwendo. Kutetemeka ni ule mchezo wa kama unapita juu ya matuta madogo yaliyofuatana. Ukimwambia fundi "gia zinasumbua" hujamwambia kitu, maana haya matatu yana vyanzo tofauti.

Oili kabla ya kitu kingine chochote

Giaboksi ya otomatiki hubadili gia kwa msukumo wa oili. Pampu inaisukuma, valvu bodi inaigawa, na msukumo huo ndio unaobana klachi za ndani. Oili ikipungua, ikichakaa au ikiwa ya aina nyingine, kila kitu kinachofuata kinayumba, na unaweza kubadilisha solenoidi tatu (valvu ndogo za umeme zinazoelekeza oili) bila kupata nafuu.

Kwa magari mengi yenye kijiti cha kupimia, oili hupimwa giaboksi ikiwa ya moto, injini inanguruma, gari liko mahali tambarare, leva iko P. Kabla ya kuchomoa kijiti, kanyaga breki kwa nguvu na upitishe leva kila nafasi, P hadi chini na kurudi, ukisubiri sekunde chache kila mahali ili oili ijaze njia zote. Yako magari, Honda nyingi zikiwemo, ambayo hupimwa muda mfupi baada ya kuzima injini, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako na si mazoea ya jirani.

Kisha dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe na uliache dakika chache. Oili nzima husambaa na kuacha doa la wekundu mwepesi. Oili iliyozeeka huacha doa la kahawia, lakini bado inasambaa. Iliyoungua hubaki katikati kama kidonda cheusi, pembeni pamelowa kidogo tu, na ukiinusa utapata harufu ya mkate uliosahaulika kwenye kikaango. Weusi ule ni unga wa klachi, yaani kuna klachi ambazo zimekuwa zikiteleza kwa muda mrefu.

Ukiona rangi ya pinki yenye ukungu, kama maziwa yaliyotiwa rangi, zima gari na usiliendeshe tena. Hayo ni maji ya rejeta. Magari mengi hupoza oili ya giaboksi kwa kuipitisha ndani ya rejeta yenyewe, na ukuta unaotenganisha oili na maji ukitoboka, vitu hivyo viwili vinachanganyika. Gundi inayoshikilia bitana za klachi haipatani na maji, na kila kilomita unayoongeza inazidi kuzibandua.

Oili ya giaboksi haiungui na kuisha kama ile ya injini. Ikipungua, inavuja, basi. Angalia sili za shafti mbili zinazotoka, gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), mabomba yanayokwenda kwenye rejeta, na pale injini inapoungana na giaboksi. Dalili ya kwanza ya upungufu mara nyingi ni gari kupoteza mvuto kwenye kona kali au mlimani, pale oili inapokimbilia upande mmoja na pampu ikanyonya hewa. Kujaza kupita kiasi nako kuna ubaya wake: sehemu zinazozunguka huikoroga oili hadi ikatoa povu, na povu halibani klachi.

Magari mengi ya siku hizi hayana kijiti. Yana plagi chini ya sampu ambayo hufunguliwa injini ikiwa inanguruma, na oili ya ziada hujimwaga hadi ibaki matone. Hapa joto la oili ndilo kipimo, kwa aina nyingi karibu na nyuzi 40 za Selsiasi, na linasomwa kwa mashine, halikisiwi kwa mkono. Oili ikipata moto hutanuka. Ukifungua plagi giaboksi ikiwa ya moto sana, utamwaga oili iliyokuwa inahitajika, halafu kesho asubuhi ushangae gari limeanza kuchelewesha gia.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni aina ya oili. Wekundu si aina. Dexron III, Dexron VI, Toyota T-IV, Toyota WS, Mitsubishi SP-III: zote zinaweza kuwa nyekundu, na kila moja imetengenezwa kwa ulaini na mshiko wake. Mshiko ukiwa mkali kuliko ule giaboksi iliopangiwa, gia zinagonga. Ukiwa hafifu, zinateleza. Kama ugonjwa ulianza wiki ile ile oili ilipobadilishwa, usitafute mbali. Uliza jina lililoandikwa kwenye dumu.

Kuhusu ile kauli kwamba oili imejazwa ya maisha, haibadilishwi: ZF, watengenezaji wa giaboksi zinazofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi, wao wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Na unapofungua plagi ya chini, inayotoka kwa kawaida haifiki nusu, nyingine imebaki ndani ya toki konvata (kile kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili) na kwenye mabomba. Ndiyo maana oili mpya hugeuka kahawia mapema, na ndiyo maana watu hurudia kumwaga mara mbili au tatu, wakiendesha kidogo katikati.

Je, iliyokwisha kuungua ibadilishwe? Watu hubishana sana hapa. Wapo wanaoapa kwamba oili mpya ndiyo iliyoua giaboksi yao. Ninavyoona, giaboksi hiyo ilikuwa imeshakufa, imebaki ikishikiliwa na ule unga wa klachi unaoelea ndani ya oili chafu. Kama gari linagonga tu na oili ni ya kahawia, badilisha bila woga, kwa kumwaga na si kwa mashine ya kusukuma kwa presha. Kama linateleza kwenye gia zote na oili ni nyeusi, oili mpya haitarudisha bitana zilizokwisha.

Kishindo unapotoa P kwenda D au R

Angalia kwanza mshale wa raundi. Injini iliyopata moto, bila kukanyaga mafuta, mara nyingi hukaa kati ya raundi 600 na 800. Asubuhi yenye baridi itakuwa juu zaidi, pengine 1,200 na kuendelea, na ukiingiza R wakati huo utasikia kishindo ambacho si ugonjwa. Subiri zishuke kwanza. Lakini kama injini ni ya moto na raundi bado ziko 1,100, tafuta hewa inayoingia isikotakiwa, mpira uliopasuka nyuma ya throto (lango la hewa ya injini), au throto yenyewe iliyojaa masizi. Giaboksi hapa inasingiziwa.

Raundi zikiwa sawa, nenda kwenye mauntini. Fungua boneti, msaidizi akanyage breki kwa nguvu zote na avute hendibreki, kisha ahamishe leva D, R, D, R bila kugusa mafuta. Wewe simama pembeni, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini itacheza kidogo, hilo ni la kawaida. Ikiinuka upande mmoja kama inataka kutoka, halafu ikarudi kwa mlio wa "gdu", umempata mwizi wako. Tazama pia ile ya chini ya giaboksi, maana mara nyingi hukatika huku zile za juu ni nzima.

Kama kishindo kinasikika kutoka chini, katikati au nyuma, shika shafti ya propela (ile ndefu inayopeleka nguvu nyuma) kwa mikono, gari limezimwa na magurudumu yamezuiliwa, uizungushe huku na huku. Uwazi kwenye krosi (jointi za shafti hiyo) au difu (pale inapoungana na ekseli ya nyuma) utausikia. Kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kagua jointi za shafti.

Halafu kuna kishindo cha kujitakia: umeegesha kwenye mteremko, ukaweka P, ukaachia breki, uzito wote wa gari ukalalia kipini kidogo cha P ndani ya giaboksi. Ukitoa leva lazima kilie. Vuta hendibreki kwanza, achia breki ya mguu gari likae, ndipo uweke P.

Jambo tofauti kabisa ni gia kuchelewa. Unaweka D, hakuna kitu, unahesabu moja, mbili, tatu, kisha gari linaruka. Ikizidi sekunde mbili hivi, pima oili tena. Ikiwa sawa, na hali hutokea asubuhi tu baada ya gari kulala, huenda sili za mpira za ndani zimekauka na kuwa ngumu, au oili ya toki konvata inarudi kwenye sampu usiku na pampu inaanza kujaza upya. Ugonjwa huu huenda polepole, lakini haurudi nyuma.

Linagonga njiani, gia hadi gia

Kwenye swali la "lini", jibu lenye thamani kuliko yote ni hili: gia moja, au zote?

Likigonga gia zote, usitafute klachi. Klachi zote haziharibiki siku moja. Tafuta kitu kinachotawala msukumo wa oili kwa ujumla. Solenoidi ya kudhibiti msukumo ni mmoja wa washukiwa. Mwingine ni sensa inayopima hewa iingiayo kwenye injini, ambayo ikiwa chafu huidanganya kompyuta kuhusu mzigo wa injini, nayo kompyuta inapanga msukumo usiolingana. Kwenye magari ya zamani kuna kebo inayotoka kwenye throto hadi giaboksi. Ikikazwa mno gia huchelewa na kuingia kwa nguvu, ikilegea huingia mapema na kuteleza.

Kuna pia ile hali ya kujilinda. Kompyuta ikiona jambo isiloelewa, hukata umeme wa solenoidi, ikapandisha msukumo hadi mwisho na kulibakiza gari kwenye gia moja, mara nyingi ya tatu. Gari linaondoka zito kama limebeba mchanga, halibadili gia, na taa ya injini au ya O/D (overdrive, gia ya juu) inawaka au kumulika. Ukizima na kuwasha linaweza kurudi sawa kwa muda, ila usiridhike, maana kilicholisukuma huko bado kipo. Lipimwe kwenye kompyuta kabla msimbo (namba ya hitilafu iliyohifadhiwa) haujafutwa.

Na misimbo isomwe kwa akili. P0700 ni hodi tu, inasema kompyuta ya giaboksi ina habari, ingia usome. P0715 ni sensa ya mzunguko wa shafti inayoingia, P0720 ni ya shafti inayotoka. Kuanzia P0731 na kuendelea ni gia fulani kutokutoa mzunguko uliotarajiwa, yaani kuna kuteleza kweli. P0741 ni klachi ya ndani ya toki konvata. P0750 na P0755 ni mzunguko wa umeme wa solenoidi, na hapo ndipo watu hutupa vipuri ovyo. Msimbo huo haujasema solenoidi imekufa, umesema umeme wake haueleweki, na waya uliochubuka utatoa msimbo ule ule.

Kwa hiyo chomoa plagi kubwa ya waya ubavuni mwa giaboksi uitazame. Ukikuta imelowa oili ndani, tayari umejifunza jambo: sili yake imeachia, na oili inaweza kupanda ndani ya nyaya taratibu hadi kwenye kompyuta. Pima solenoidi kwa mita ukiwa hapo hapo. Zile za kuwaka na kuzima mara nyingi husoma omu 11 hadi 15, zile za kudhibiti msukumo karibu omu 5. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa ndipo umlaumu. Betri dhaifu na waya wa ethi uliolegea vinaweza kuzaa vurugu zote hizi kwa pamoja, na ni aibu kuvigundua mwisho.

Likigonga gia moja tu, tuseme ya pili kwenda ya tatu, sasa una haki ya kuishuku giaboksi yenyewe: solenoidi ya gia hiyo, valvu iliyonasa kwenye valvu bodi, au akumuleta, kile kipistoni chenye springi kinacholainisha uingiaji wa gia. Springi ikivunjika, ulaini unaondoka na klachi inabanwa ghafla. Kama kabla ya kishindo raundi zinaruka juu kidogo, mfano kutoka 2,200 hadi 2,900 halafu "gdu", hiyo ni gia ya zamani kuachia kabla mpya haijashika. Klachi husika inachakaa, au msukumo unapotelea kwenye sili. Hapo usichelewe.

Swali moja dogo la kuuliza kabla ya yote hayo: je, betri ilichomolewa hivi karibuni? Magari mengi yana kompyuta inayojifunza uchakavu wa klachi na kurekebisha msukumo kidogo kidogo. Kumbukumbu hiyo ikifutwa, gari lililokuwa laini jana linagonga leo. Liendeshe kwa upole siku chache, likiondoka na kusimama mara nyingi, giaboksi ikiwa ya moto. Yako yanayohitaji mashine ili kujifunza upya.

Linatetemeka mwendo wa kati

Uko kilomita 60 hadi 90 kwa saa, mafuta umeyakanyaga kidogo tu, barabara safi, na gari linatetemeka sekunde mbili tatu kisha linaacha. Wengi wanakimbilia kubalansi magurudumu. Lakini tetemeko la magurudumu hufuata mwendo, haliji na kuondoka kwa kukanyaga mafuta.

Fanya hivi mahali salama, hakuna gari nyuma: likianza kutetemeka, endelea kushikilia mafuta, na kwa mguu wa kushoto gusa breki kwa wepesi, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Kwenye magari mengi hiyo huiachia klachi ya toki konvata. Tetemeko likikatika papo hapo na raundi zikapanda kidogo, klachi hiyo ndiyo inayohangaika, na oili mpya ya aina sahihi huiponya mara nyingi kuliko unavyodhani. Magari mengine hayakubali kuongezewa mafuta breki ikiwa imeguswa, kwa hiyo usihukumu kwa jaribio hili peke yake.

Lisipokatika, mtuhumiwa ni injini. Injini inayomisi kwa mbali, koili inayokufa au plagi iliyochoka, hujitokeza zaidi pale injini inapobebeshwa mzigo kwenye gia kubwa na raundi za chini. Msimbo wa P0300 au ndugu zake, ile ya injini kumisi, utakusaidia.

Linagonga likikaribia kusimama

Gari linapoingia kwenye gia ya kwanza wakati wa kusimama, mguso mdogo ni kawaida kwa baadhi ya magari. Ukizidi, rudi kwenye oili, mauntini na raundi. Kwa magari yenye propela, sehemu inayoteleza kwenye shafti ikikosa grisi hugonga mara moja hasa gari likisimama au likiondoka, na wengi huichukulia kuwa gia.

Sampu ikifunguliwa

Ndani mara nyingi utakuta sumaku ndogo, moja au zaidi. Pangusa moja kwa kidole. Tope laini la kijivu, lisilochoma, ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, vinavyong'aa, ni meno au beringi inayomeguka, na hapo mazungumzo yanahamia kwenye kufungua giaboksi. Tope jeusi zito lisiloshikwa na sumaku ni bitana za klachi. Piga picha kabla hujafuta, kwa sababu tope hilo likishaoshwa ushahidi umekwenda.

CVT (otomatiki ya mkanda na puli) na giaboksi za klachi mbili si za kupimwa kwa maelezo haya yote. CVT haina gia za kuhamia, kwa hiyo ikishtuka wakati wa kuondoka, shuku oili yake maalumu, kisha mkanda na puli. Usithubutu kuitia oili ya otomatiki ya kawaida. Zile za klachi mbili kavu hutetemeka kwenye foleni kwa sababu klachi inapata moto kila unaposogea mita moja moja. Acha nafasi mbele yako kisha usogee kwa mkupuo.

Ukifika kwa fundi, mpe ile karatasi ya safari yako, kisha mwombe aendeshe yeye huku wewe umekaa pembeni. Likigonga, mwambie "hiyo hapo". Wote wawili mkiisikia sauti moja, ndipo spana itoke.